Haki ya Makofi

Msomaji wangu, kabla sijakuuliza swali lililonifanya nishike kalamu, nipe ruhusa nikuchukue usiku mmoja mjini Eldoret.

Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua baridi huingia upesi kama mgeni aliyekuwa akingoja mlangoni. Zamani ulijulikana kwa nambari tu, 64, kwa kuwa ulianzia katika shamba lililoandikwa nambari hiyo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912, na hadhi ya jiji ikaja tarehe 15 Agosti 2024; lakini wako wenyeji ambao hata leo huuita kwa nambari ile ile. Ulimwengu waujua kwa wakimbiaji wake. Jirani zake waujua pia kwa mahindi, ngano na maziwa. Kwa mashairi haujulikani sana, wala sitaki kuuongezea sifa ambayo haujaidai.

Walakini mara moja kwa mwezi, katika chumba cha nyuma cha mkahawa mmoja usio mbali na barabara kuu ipitayo malori ya Uganda, viti hugeuzwa vikaelekea upande mmoja, kipaza sauti husimamishwa pembeni mwa kabati la vikombe, na watu kama hamsini huketi kusikiliza mashairi. Mwanzo jukwaa ni la kila mtu. Atakaye huandika jina lake katika daftari mlangoni, na mshereheshaji humwita zamu yake ikifika. Katikati husoma mgeni mwalikwa, ambaye aghalabu ni mtu mwenye kitabu au mwenye jina. Kisha jukwaa hufunguliwa tena mpaka saa nne. Nimewasikia hapo wanafunzi wa vyuo vikuu, wauguzi, mafundi wa magari, waendesha bodaboda na mama mmoja muuza mboga. Wengine hughani kwa sauti ya kale, wengine husema kwa hamaki kana kwamba wanagombana na mtu aliye nje. Huyu hushika karatasi, yule husoma simuni. Kiswahili hufuatwa na Kiingereza, Kiingereza hufuatwa na Sheng, na usiku wa bahati hutokea mtu akasema kwa Kinandi au Kibukusu, na wasioelewa huridhika na mlio. Mambo haya si ya Eldoret peke yake. Nairobi jarida la Kwani?, lililoanzishwa mwaka 2003, liliendesha kwa miaka kadhaa jukwaa la namna hii kila mwezi, na mbegu yake imeota katika miji mingi ya Kenya.

Mtu akimaliza kusoma, tunapiga makofi. Kila mtu hupigiwa. Mwema hupigiwa, na wa hivi hivi hupigiwa, na yule ambaye watu walikuwa wakitazama saa zao alipokuwa akisoma, naye hupigiwa. Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Mtu akisimama mbele yako akasoma shairi, na shairi lile likapita masikioni mwako bila kukuachia kitu, je, ni haki kumpigia makofi?

Ni swali dogo kulitamka. Huonekana dogo zaidi kwa kuwa makofi hayana bei. Hakuna aliyefilisika kwa kupiga makofi. Wako watakaojibu upesi kuwa ni haki, tena ni wajibu. Husema kuwa kusimama mbele ya watu ni jambo zito, kuwa moyo wa mtungaji mchanga ni kama mche uliopandwa jana, na kuwa mtu mzima anayekunja mikono kifuani wakati kijana anatetemeka jukwaani amekosa adabu. Sitaki uidharau hoja hii. Nimemwona msichana aliyemaliza kidato cha nne akisimama hapo kwa mara ya kwanza, karatasi ikitikisika mkononi hata kipaza sauti kikanasa mtikisiko wake, na nyumba nzima ikasikia hofu kabla ya kusikia neno. Watu walipiga makofi kabla hajaanza. Msichana yule akavuta pumzi, akasoma. Kama mtu angeniambia kuwa makofi yale yalikuwa uongo, ningemkatalia papo hapo.

Lakini nina jambo jingine la kukusimulia, nalo si sifa kwangu.

Palikuwa na kijana mmoja mfanyakazi wa kinu cha kusagia mahindi. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na miwili. Alikuwa akija moja kwa moja kutoka kazini, unga ungali katika nywele na kope zake, hata mshereheshaji akawa na mzaha wa kumtangaza kama mzee wa mvi. Hakukosa hata mwezi mmoja. Mashairi yake yalikuwa na vina kamili na mizani isiyopungua, kwani alikuwa mwanafunzi mzuri wa Kiswahili. Ila yote yalihusu minazi, mawimbi, majahazi na wanawake wenye macho ya paa, na kijana yule hajapata kufika pwani. Alikuwa ameyaokota yote vitabuni. Nilipokuwa nikimsikiliza, akili yangu ilikuwa ikizurura. Akimaliza, nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mwanangu, wewe ni malenga." Kusema hivyo hakukunigharimu kitu, na kulinifanya nionekane mwema machoni pa waliokuwa wameketi karibu.

Usiku mmoja tu alisoma shairi la namna nyingine. Lilihusu kinu. Lilikuwa na akina mama waliosimama mstarini na madebe yao, wakizihesabu sarafu mara ya pili kabla ya kufika mbele, na mmoja aliyeomba asagiwe nusu debe kwa mkopo huku akitazama pembeni ili asionekane kuwa anaomba. Vina vilipungua mahali pawili. Nilisahau chai yangu ikapoa. Alipomaliza tulipiga makofi, na makofi yalikuwa yale yale, kwa kiasi kile kile tulichompa alipoimba minazi.

Mwaka uliofuata alichapisha kitabu. Alitoa fedha alizokuwa akiweka kwa ajili ya karo ya chuo cha ufundi wa umeme, akalipia nakala 200. Zilinunuliwa 31. Mimi nilinunua mbili, moja yangu na moja ya kumpa rafiki, na kwa ukarimu huo nikajisikia kuwa nimetimiza wajibu wangu. Nilisoma kurasa nne.

Baada ya miezi mitatu alinikuta nikingoja matatu. Akanisalimu kwa heshima yake ya kila siku, kisha akauliza, "Mwalimu, ulikisoma kitabu changu?"

Nikamjibu kuwa nilikisoma.

"Ni shairi gani lililokupendeza?"

Nilitafuta kichwani nisipate kitu ila lile moja. Nikasema, "Lile la kinu na akina mama wenye madebe."

Akanitazama kwa muda. "Hilo halimo, Mwalimu. Nililitoa kwa sababu vina vilikuwa na kasoro, na sikuona kuwa mlilipenda kuliko mengine." Halafu akasema bila hasira yoyote, na ningefurahi zaidi kama angekasirika: "Mbona hukuniambia?"

Matatu ilikuja, nikapanda. Sikumjibu.

Sasa unaona, msomaji, kwa nini swali hili limenikaa. Nilikuwa nikidhani kuwa makofi ya uongo hayamwibii mtu kitu. Naona sasa kuwa humwibia jambo moja ambalo hawezi kulipata popote pengine. Mtungaji hawezi kusikia shairi lake kwa masikio ya mtu mwingine. Twaja ukumbini ili tumwazime masikio hayo. Tukimpigia makofi sawasawa kwa kila alichosoma, ni kama tumemrudishia masikio yake mwenyewe, naye akaondoka bila kujua ni wapi alipotugusa na ni wapi alipotupoteza. Kosa la makofi yetu halikuwa kulisifu baya tu. Yalilificha jema. Shairi la kinu lilizama katika kelele ile ile tuliyoyapigia majahazi.

Mji wa Eldoret ungepaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingine, maana ni mji wa saa za kupimia mbio. Amka alfajiri utazame barabara za udongo za Kaptagat au Iten, uwaone vijana wakikimbia kwa makundi. Mwalimu wao hukaa kando na saa mkononi. Kijana akimaliza mzunguko wake vibaya, mwalimu hamwambii kuwa amekimbia vizuri ili asimvunje moyo. Humsomea dakika na sekunde. Mwalimu atakayemwongezea mwanafunzi wake sifa kwa kupunguza sekunde atakuwa amempeleka mashindanoni akaaibike mbele ya wageni, na hakuna mzazi wa Uasin Gishu atakayemwita mwalimu huyo mwema.

Tena ukweli huo haukatazi shangwe. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hakuna binadamu aliyepata kuukimbia mwendo huo chini ya saa mbili kabla yake. Mjini Eldoret watu walishangilia barabarani. Walakini wasimamizi wa riadha duniani hawakuliandika tendo lile kuwa rekodi rasmi ya dunia, kwani halikuwa shindano la wazi, na wakimbiaji wenzake walikuwa wakipokezana kumwongoza njiani. Kipchoge mwenyewe alijua hivyo tangu mwanzo. Shangwe ilikuwa ya kweli, na kitabu cha rekodi kilikuwa cha kweli, na kimoja hakikumtukana mwenzake. Mimi napenda sana mfano huu, maana watu wengi hudhani kuwa kusema ukweli juu ya kipimo ni kumnyima mtu shangwe yake.

Utanijibu, na utakuwa umejibu vema, kuwa shairi halina saa. Hakuna chombo kitakachosema kuwa ubeti huu umechelewa kwa sekunde tatu. Nami nakubali. Lakini ukikubali hivyo, mzigo wa msikilizaji huzidi kuwa mzito. Mkimbiaji akidanganywa na rafiki zake, saa itamwambia. Mtungaji akidanganywa na wasikilizaji wake, nani atamwambia?

Wazee wetu hawakuwa wepesi wa makofi kama sisi. Usukumani, upande wa Mwanza, kuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vyama hivi hukutana na kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Huko mtu hahukumu kwa viganja. Huhukumu kwa miguu. Akichoka na ngoma hii huvuka akaenda kwa ile, na mchezaji humwona akivuka. Ni hukumu kali, lakini haina unafiki. Katika taarabu ya pwani, msikilizaji aliyeguswa na maneno ya wimbo huinuka akaenda kumtunza mwimbaji kwa fedha mbele ya watu wote, na asiyeguswa huketi. Hakuna anayemlazimisha mtu kutunza kila wimbo.

Fikiri pia habari za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Hakuacha kitabu kilichochapishwa. Mashairi yake mengi yaliokolewa miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kutoka kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akashirikiana naye kuyahifadhi; Diwani ya Muyaka ilitoka mwaka 1940, miaka mia moja kamili tangu kufa kwake. Kabla ya hapo yalikaa vifuani mwa watu wa Mombasa. Kifua hakina heshima za bure. Waweza kumpigia mtu makofi kwa adabu, lakini huwezi kulihifadhi shairi lake miaka arobaini kwa adabu.

Je, nasema basi tuwazomee wabaya? La. Mwaka 1986, mjini Chicago, mjenzi mmoja aliyeitwa Marc Smith alianzisha katika baa ya Green Mill mashindano ya mashairi yaliyoenea baadaye duniani kote. Waamuzi huchaguliwa miongoni mwa wasikilizaji, hutoa alama kutoka sifuri hadi kumi, na umati huruhusiwa kuonyesha waziwazi kuwa umechoka. Vijana wa Nairobi nao wamefanya mashindano ya mfano huo. Yana uchangamfu, nami nimeyafurahia, lakini siyatamani yachukue mahali pa mkahawa wetu. Alama ni neno fupi mno. Ukimpa kijana wa kinu alama sita, hajui kama sita ile ni ya minazi au ya madebe.

Nikirudi kwa yule msichana wa karatasi iliyotikisika, naona sasa mahali nilipokuwa nimechanganya mambo. Makofi aliyopigiwa yalikuja kabla ya shairi. Hayakusema lolote juu ya shairi, kwani hatujalisikia. Yalisema, "Umethubutu, karibu, tuko pamoja nawe." Hayo ni makofi ya kumpokea mtu, na hayo kila binadamu anayesimama anastahili kupewa kwa ukamilifu, mwenye kipawa na asiyekuwa nacho, sawa na vile kila mgeni hupewa kiti kabla ya kuulizwa habari zake. Makofi yanayokuja baada ya shairi ni ya namna nyingine. Hayo ni ushahidi. Husema, "Nimesikia, na limenifika." Mtu asiyefikiwa akasema amefikiwa ametoa ushahidi wa uongo, hata kama hakufungua kinywa. Tatizo letu pale mkahawani ni kuwa tumeyafanya ya pili yawe kama ya kwanza. Tunampokea mtu mara mbili, na hatumshuhudii hata mara moja.

Wewe uliyewahi kusimama katika tamasha la muziki la shule na kundi la shairi la kukariri unajua tofauti hii, pengine bila kuifikiri. Ukumbi hupiga makofi mnapopanda na mnaposhuka, lakini ninyi hamwangalii ukumbi. Mnamngoja mwamuzi asimame aseme ni wapi sauti zilizama na ni wapi mikono ilisema kitu ambacho maneno hayakusema. Nimewaona watoto wakilia kwa maneno ya mwamuzi. Nimewaona watoto hao hao mwaka uliofuata.

Iko hoja moja dhidi yangu ambayo sijaimaliza, nami nitaiweka mbele yako kama ilivyo. Msikilizaji naye hukosea. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa diwani yake ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Wako mabingwa waliosema kuwa hayo si mashairi hata kidogo, na ugomvi baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ukaendelea kwa miaka mingi. Leo wewe hukutana na shairi huru katika karatasi ya mtihani, ukaulizwa maswali juu yake kama juu ya tarbia yoyote. Ikiwa wataalamu wale, waliolijua shairi la Kiswahili kuliko nitakavyolijua mimi, hawakuweza kulitambua jipya lilipofika, mimi nani hata nikae na mikono kifuani nikihukumu?

Hoja hii ilinisumbua siku nyingi, na jibu nililo nalo si la kumnyamazisha mtu. Naona kuna umbali mkubwa baina ya kusema "Shairi hili ni baya" na kusema "Shairi hili halikunifika." La kwanza ni hukumu juu ya shairi, nami huenda nikawa mjinga. La pili ni habari juu yangu, na juu yangu mimi ni shahidi halali. Wale mabingwa walikuwa na haki kamili ya kusema kuwa sikio lao lilitafuta kina likakikosa. Walivuka mpaka waliposema kuwa pasipo kina hapana shairi. Kijana wa kinu hakuhitaji niwe hakimu. Alihitaji habari ndogo tu: kwamba chai yangu ilipoa usiku ule, na haikupoa usiku mwingine wowote.

Hadi hapa nimesema kana kwamba shairi halina ubaya ila ule wa kutungwa vibaya. Kuna ubaya mwingine, na kwa mji huu siwezi kuupita kimya. Usiku mmoja alipanda mtu aliyejua kazi yake. Sauti yake ilikuwa nzuri, mapigo yake yalikwenda kama ngoma, na maneno yake yalikuwa kejeli juu ya kabila moja, jinsi linavyopenda fedha na jinsi linavyoingia katika ardhi za watu. Watu walicheka. Nilikwisha piga makofi mara mbili tatu kwa uzuri wa yale mapigo nilipomwona mwanamke aliyekuwa akimimina chai amesimama na birika mkononi, hamimini. Nikaiweka mikono yangu magotini.

Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza machafuko ya wakati ule ilitaja, pamoja na mambo mengine mengi, maneno ya chuki yaliyosemwa hadharani na kutangazwa redioni. Sisemi kuwa shairi la mkahawani huchoma kanisa. Nasema kuwa maneno ya namna hiyo hayasafiri peke yake; husafiri yakibebwa na vicheko na makofi, na anayeyasema hupima kwa hayo ni umbali gani anaruhusiwa kwenda mara ya pili. Kama makofi ni ushahidi, basi usiku ule nilitia sahihi karatasi ambayo sikuisoma. Mwanamke yule wa birika alikuwa ameisoma. Nasikia baadaye mshereheshaji alimwita msomaji yule kando wakazungumza. Sikuwapo, wala sijui waliambiana nini, ila hakulisoma tena shairi lile kwetu.

Usidhani kuwa tangu hapo nimekuwa mtu mnyofu. Kukaa na mikono magotini wakati chumba kizima kinapiga makofi ni jambo gumu kuliko nilivyotazamia. Jirani hukutazama. Wewe mwenyewe hujiona una kiburi. Mara nyingine nimepiga nusu nusu, viganja vikigusana bila sauti, na hiyo nadhani ni hila mbaya kuliko uongo mzima.

Kijana wa kinu alikaa miezi mingi bila kuonekana, nami nilikuwa nikiangalia daftari la mlangoni kila nilipoingia. Mwezi wa Julai, mvua ikinyesha juu ya bati hata mgeni mwalikwa ikambidi apaze sauti, nililiona jina lake. Alipanda akiwa na unga kichwani kama kawaida. Tulimpigia makofi ya kumkaribisha, nami nilipiga kwa nguvu zangu zote. Alisoma shairi juu ya usiku ambao umeme ulikatika kinuni, na watu wakabaki gizani na mahindi yao, wakaanza kusimuliana habari. Beti tano za kwanza zilinishika. Ya sita ilileta mbalamwezi juu ya bahari, nikampoteza.

Alipomaliza watu walipiga makofi. Mimi nilipiga pia, kwa beti tano. Kisha nikaenda alipoketi, nikavuta kiti, nikamwambia palepale: ubeti gani ulinishika na kwa nini, na kuwa bahari ilinitoa kinuni nikiwa bado nataka kukaa.

Hakunishukuru. Alisema kuwa sikuelewa. Kuwa mzee mmoja katika giza lile alikuwa mtu wa Lamu, na bahari ilikuwa yake, si ya mtungaji. Nikamwambia kuwa mzee huyo hayumo katika shairi. Akasema yumo, katika ubeti wa tatu. Akalifungua simuni tukalitafuta pamoja, na kweli palikuwa na neno moja ambalo mtu wa pwani peke yake angelitamka hivyo, nami sikulisikia kwa ajili ya mvua. Nikashikilia kuwa neno moja halitoshi. Akashikilia kuwa latosha kwa mwenye kusikiliza. Tulikuwa tungali tunabishana mwenye mkahawa alipoanza kupandisha viti juu ya meza, na kwa kuwa hatukuinuka, alivipandisha vyote akatuachia viwili.